Kabla Hujaandika "Rafiki wa Mazingira" Kwenye Lebo Yako

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mkuranga anayekamua mafuta ya nazi aliniandikia akiniomba "maneno mazuri ya mazingira" ya kuweka kwenye lebo yake mpya, kwa kuwa amesikia kwamba wanunuzi wa siku hizi, hasa wale wa Ulaya, huyapenda. Mchoraji alikuwa amekwisha kumwekea jani la kijani pembeni, na kilichobaki yalikuwa maneno tu. Niliusoma ujumbe huo mara tatu, na kila mara nilijiona mwenyewe nimesimama kwenye duka la uchapaji Kariakoo, nikichagua jani langu.

Kazi yangu ni kukausha mananasi ya Kiwangwa, Bagamoyo. Lebo yangu ya kwanza ilikuwa na jani hilo na maneno matatu yaliyopangwa chini yake: "Yamekaushwa kwa jua", "Asilia", "Rafiki wa mazingira". Viambato, uzito na tarehe ya mwisho wa matumizi niliviandika kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu nilijua vitakaguliwa. Maneno ya mazingira niliyahesabu kuwa pambo, kama shanga, na kwa miezi mingi wateja wangu wa Dar es Salaam waliyasifu bila kuuliza lolote.

Kisha akaja mnunuzi mmoja kutoka Ujerumani, akaja mwezi wa Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Vikaushio vyangu viwili vya jua, vile vya fremu ya mbao vilivyofunikwa kwa nailoni angavu, vilikuwa vimejaa mvuke, na vipande vilivyokatwa jana yake vilikwisha kuanza kunuka chachu. Kwa hiyo nilifanya nilichokifanya kila masika: niliwasha kile kikaushio kingine, kasha la bati lenye trei za waya ndani na majiko mawili ya mkaa chini yake. Asubuhi ile niliyaondoa majiko na kufunika magunia kwa turubai. Sakafu sikuikumbuka. Mgeni alionja kipande kimoja, akasifu, kisha akaanza kufuata vumbi jeusi lililochorwa na nyayo za vijana wangu hadi kwenye turubai, akainua pembe yake na kuona magunia mawili na nusu. Akauliza kwa upole, kupitia kwa mkalimani: "Jua hili mnalinunua gunia kwa bei gani?"

Hakuishia hapo. Alichukua kifungashio changu cha khaki, ambacho mimi na wateja wangu wote tulikiita cha karatasi, akakichana taratibu na kunionyesha utando wa plastiki uliogandishwa kwa ndani. Akaniuliza natumia mkaa kiasi gani kwa kila kilo ya mananasi makavu. Sikujua. Sikuwa nimewahi kupima, ingawa mizani ilikuwa mezani mbele yetu.

Nilikasirika, sitaficha, na ziko siku ambazo hasira hiyo hunirudia. Mtu amepanda ndege kutoka Ulaya kuja kupekua moshi wangu! Nilijipa nguvu kwa habari za wakulima wa mishiri, yale maharage machanga ya kijani, wa Kenya, ambao mwaka 2007 walishtukia maduka makubwa ya Uingereza yakibandika picha ya ndege kwenye mboga zilizosafirishwa kwa anga, kana kwamba safari ndiyo dhambi peke yake, bila kutaja kwamba mishiri yao hukua juani pasipo nyumba za kupashwa joto kwa gesi. Malalamiko yao yalikuwa na haki, kwa sababu katika hesabu ya dunia nzima usafirishaji hubeba takribani asilimia 6 tu ya gesi joto zitokanazo na chakula, ijapokuwa ni kweli pia kwamba ndege hutoa hewa ukaa takribani mara 50 zaidi ya meli kwa mzigo na umbali uleule. Lakini mimi sikuwa mkulima wa mishiri. Wao walibandikiwa alama na watu wengine. Yangu niliibandika mwenyewe, nayo ilikuwa ya uongo.

Mgeni alipoondoka (hakuagiza hata katoni moja), nilianza kupima. Nanasi lililomenywa lina maji takribani asilimia 86, na kwangu kilo moja ya vipande vikavu huhitaji mananasi mabichi yasiyopungua kilo 12. Kuyaondoa maji hayo wakati wa masika kulikuwa kunakula karibu kilo 3 za mkaa kwa kila kilo moja ya bidhaa. Mkaa wa tanuri la udongo hutumia kuni nyingi, walau kilo 5 kwa kila kilo moja ya mkaa, kwa hiyo kifuko changu cha gramu 100, chenye jani la kijani, kilikuwa kimebeba kilo moja na nusu ya mti.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma jinsi wenzetu wanavyozifanya hesabu hizi, nikagundua kwamba hata wao wanahangaika. Tesco, wenye maduka makubwa Uingereza, walitangaza mwaka 2007 kwamba wangeandika kiasi cha hewa ukaa kwenye bidhaa 70,000, na mwaka 2012 wakaachana na mpango huo, kwa kuwa bidhaa moja ilihitaji miezi ya kazi na maduka mengine hayakuwafuata. Nchini Ufaransa ilizaliwa Eco-Score mwaka 2021, alama ya mazingira ya vyakula yenye herufi kuanzia A ya kijani hadi E nyekundu, na mara moja wakulima wa kilimo hai wakalalamika kwamba hesabu ya madhara kwa kila kilo humpendelea kuku aliyefugwa kwa kubanwa na kukuzwa haraka kuliko yule wa huria, kwa sababu kuku wa huria huishi muda mrefu na kula zaidi. Ikiwa wenye maabara na kanzidata bado wanabishana juu ya herufi moja, mimi nilipata wapi ujasiri wa kulimaliza suala zima kwa maneno matatu?

Ndugu zangu wasindikaji, andikeni mlichokipima. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya kutumika kuanzia tarehe 27 Septemba 2026, inayokataza kumwambia mlaji kwamba bidhaa ni "rafiki wa mazingira" pasipo ushahidi unaotambulika, na pia kudai kwamba bidhaa haina madhara ya hewa ukaa kwa sababu tu umelipia miti ipandwe mahali pengine. Tusisubiri kukatazwa na wageni ndipo tuache. Anayetaka nembo anayo ya kwetu, Kilimohai, inayotokana na kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007, na wakulima wadogo wanaweza kuipata kwa kukaguana wenyewe katika vikundi kwa ajili ya masoko ya hapa. Atakayeuza Ulaya kama kilimo hai atahitaji mkaguzi wa nje, na gharama yake si ndogo. Hata hivyo nembo hiyo husema nanasi limelimwaje. Kuhusu jiko lako itakubidi useme mwenyewe. Pimeni, nasema tena, kisha muandike.

Lebo yangu ya sasa haina jani. Inasema: "Yamekaushwa kwa jua, Juni hadi Februari. Kifuko kina plastiki ndani." Machi hadi Mei sikaushi, na hasara ya miezi hiyo naihisi kila mwaka, lakini maduka matano ya Dar es Salaam yananiagiza kabla sijawapigia simu, jambo ambalo lile jani halikuwahi kunifanyia.

Dada yangu wa Mkuranga, maneno nitakusaidia kuyaandika. Nijibu kwanza: nazi zako unazikaushia nini, makumbi au kuni, na kwa lita moja ya mafuta zinateketea kilo ngapi?