Mass com kutokea Kigoma, inalipa?

Mdogo wangu wa Ujiji, umesema umemaliza form six HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), unataka mass com, yaani mawasiliano ya umma, na mzee anakwambia habari haina ajira. Mimi nimesoma hiyo kozi nikitokea hapa hapa Kigoma. Kwanza angalia jina la kozi maana wengi wanakosea hapo, pale UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shule yao ya habari, SJMC, ina digrii ya uandishi wa habari, ya mawasiliano ya umma, na ya uhusiano wa umma na matangazo, ni vitu tofauti, na hiyo ya tatu inakufungulia hadi halmashauri, benki na mashirika, mweleze mzee taratibu atakuelewa. Chuo kikuu cha SAUT Mwanza nao wanajulikana sana kwa habari, na kwa sisi ni karibu kuliko Dar.

Ila usisubiri mwaka wa tatu ndo uanze kazi. Likizo ukirudi omba kukaa hata studio tu kwenye redio ya hapa mjini, shuka mwalo wa Kibirizi asubuhi mitumbwi ikiingia, waulize akina mama wa dagaa bei imepanda kwa nini, rekodi kwa simu, kata sauti mwenyewe. Mimi kumhoji mtu mpaka afunguke nilijifunzia mwaloni. Na Kiha chako usikionee aibu kabisa, bibi wa kijijini ukimhoji kwa lugha yake anakutolea ya moyoni.

Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, omba mapema, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kabla.