Saa ya Linux inarudi nyuma kila ukiwasha kompyuta

Ndugu, umesema saa inarudi miaka nyuma ukichomoa umeme, na kivinjari kinakataa tovuti kwa sababu ya vyeti vyake vya usalama, ambavyo hukaguliwa kwa tarehe. Hapo una hitilafu mbili: betri, na saa kutorekebishwa na mtandao. Kurudi miaka nyuma karibu kila mara ni betri ndogo ya ubao mama, mara nyingi CR2032, ibadilishe. Vyeti vitakubalika saa ikiwa sahihi.

Lakini hata betri ikifa, mtandao ungepaswa kuirekebisha saa. Kwenye terminal endesha timedatectl, amri inayoonyesha hali ya saa. NTP (njia ya kompyuta kupata saa sahihi kutoka seva za mtandaoni) ikiwa imezimwa, iwashe: sudo timedatectl set-ntp true. Kama unatumia chrony (programu inayolinganisha saa kwa NTP), tazama chronyc sources: seva yenye alama ^* ndiyo inayofuatwa. Zote zikiwa ^? na Reach (safu inayoonyesha kama seva imejibu) ikabaki 0, majibu hayafiki. Mimi hushuku firewall kwanza, yaani kizuizi kinachochuja mawasiliano ya mtandao, maana NTP hupita kwenye UDP 123. Kwenye mtandao wa kazini usifungue njia kimyakimya. Muulize msimamizi, huenda wana seva yao.

Majibu yakifika na saa bado iko mbali, sudo chronyc makestep huirusha papo hapo. Kama mashine ina hifadhidata, simamisha hifadhidata hiyo kwanza: saa ikiruka ghafla, mpangilio wa rekodi huweza kuvurugika.