Anza na masasisho, si umri wa mashine

Ndugu, umeuliza kama kompyuta zenu za ofisi, sasa zina miaka sita, zibadilishwe zote kwa mkupuo. Mimi nisingeanza na umri. Je, bado zinapokea masasisho ya usalama? Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kampuni inaweza kulipia masasisho ya ziada kwa miaka isiyozidi mitatu, ila bei hupanda maradufu kila mwaka, kwa hiyo hilo ni la kuwapa nafasi ya kujipanga tu. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta) na, kwa Intel, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kizazi cha nane au cha baadaye, isipokuwa chache. Kagua mashine moja moja. Huenda nyingi zikapita.

Kama shida ni mashine kwenda polepole, angalia diski kwanza. Ikiwa bado ni ile ya kuzunguka, weka SSD (diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka) na uongeze memori kabla ya kufikiria mashine mpya. Nimeona kompyuta zilizokuwa zinachelewa kuwaka zikawa nyepesi kabisa. Lakini ile inayojizima katikati ya kazi, fundi anaitwa kila mwezi, achana nayo. Saa ambazo mfanyakazi anakaa akisubiri ni hasara, hata kama haziandikwi kwenye hesabu.

Tafadhali msinunue zote siku moja, maana zitachakaa pamoja pia. Badilisheni robo au theluthi kila mwaka, mkianza na wanaoshika fedha na taarifa za wateja. Na diski za zamani zifutwe kikamilifu kabla hazijatoka ofisini.