Call of Duty: WWII, anza na hadithi

Gemu ya vita ya Call of Duty: WWII ilipotoka Novemba 2017, nilikuwa na chumba kidogo cha gemu mtaani Shela, hapa Malindi, na takriban kila kijana aliyeshika padi alikimbilia kupigana na wenzake bila hata kuigusa hadithi. Ushauri wangu kwako ni kinyume cha hayo: anza na hadithi, na uicheze polepole.

Mfululizo wa gemu za Call of Duty ulizaliwa mwaka 2003 ukisimulia Vita vya Pili vya Dunia, ukahamia vita vya kisasa mwaka 2007, na kufikia 2016 ulikuwa umeshatupeleka hadi angani. Uliporudi ulikotoka kwa gemu hii ulimpunguzia mchezaji nguvu, nami naona hilo ndilo jambo bora zaidi ndani yake. Damu yako hairudi yenyewe kwa kujibanza ukutani kama tulivyozoea. Inakubidi uokote dawa au usogee kwa Zussman, askari mwenzako kikosini, akupatie, na risasi zikipungua umtafute Turner, kiongozi wenu. Mimi nilikufa mara nyingi katika vijiji vya Ufaransa kwa kuwatangulia wenzangu, mpaka nilipojifunza kutembea nao.

Watoto wasiucheze, kwa kuwa umewekewa kiwango cha miaka 18, na maiti zinazoonyeshwa humo si za kutazamwa na mtoto.

Hadithi yenyewe inafuata askari wa Marekani kuanzia ufuo wa Normandy, tarehe 6 Juni 1944, hadi mto Rhine, kwa hiyo wetu hutawaona. Mwaka huohuo askari wa keya (KAR, jeshi la kikoloni la Mwingereza) kutoka Afrika Mashariki walikuwa wakipigana na Wajapani huko Burma, wakisonga katika bonde la Kabaw chini ya mvua kubwa, na mwezi Februari meli Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa ikiwa na wanajeshi wetu, ilizamishwa na watu karibu 1,300 wakaangamia.

Mpwa wangu, kijana wa miaka 20, aliniuliza katikati ya mchezo kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyepigana vita hivyo. Tuliweka padi chini tukaenda kwa bibi, naye akafungua sanduku lake akatoa nishani ya vita, nyota ya shaba yenye ncha sita, iliyoviringishwa katika kipande cha leso, ambayo marehemu babu alirudi nayo kutoka Burma. Ukiwa na mzee nyumbani, muulize kabla hujafika Rhine.