Jibu kwa aliyerudishiwa pendekezo la utafiti: nadharia tete ni nini hasa

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini msimamizi wako ameikata kwa kalamu nyekundu sentensi yako, "Nadharia tete ya utafiti huu ni kuchunguza athari za simu kwa ufaulu wa wanafunzi wa sekondari," kisha pembeni akaandika "hili ni lengo". Wenzangu hapo juu wamekupa fasili ya daftarini, kwamba nadharia tete ni ubashiri wa kisomi. Si uongo, ila sidhani kama itakusaidia. Mimi niliikariri neno kwa neno na bado kazi yangu ilirudi mara tatu.

Nilisoma sayansi ya chakula Morogoro. Nyumbani kwetu maharage yalikuwa ugomvi wa miaka mingi. Yanabandikwa saa tatu asubuhi, saa saba mchana bado yanagonga kwenye mwiko kama kokoto, na mkaa ndiyo huo unakwisha. Mama alisema ni mbegu za siku hizi. Shangazi alisema ni maji ya kisima, yana chumvi. Mimi nilishuku ghala, kwa sababu yale maharage yalikuwa yamekaa miezi kwenye magunia chini ya bati, kwenye joto na unyevu. Basi nikaandika kwenye pendekezo langu: "Uhifadhi una mchango mkubwa katika uivaji wa maharage."

Msimamizi wangu aliniita akaniuliza swali moja tu: "Ukipata matokeo gani utakuja hapa uniambie umekosea?"

Nikakosa jibu. Yangeiva haraka, yangechelewa, mimi ningebaki sahihi, maana "mchango mkubwa" unabeba kila kitu. Wiki ile nzima nilikaa na swali hilo, na mpaka leo nikisoma kazi ya mtu ndilo ninaloanza nalo. Mwishowe niliandika hivi: "Maharage ya mbegu moja, kutoka shamba moja, yaliyokaa miezi sita kwenye joto na unyevu, yatachukua muda mrefu zaidi kuiva kuliko yaliyokaa muda huohuo kwenye jokofu, yote yakipikwa kwa maji ya aina moja." Ni ndefu, najua. Lakini angalia kazi inayofanya. Mbegu ni moja, kwa hiyo maelezo ya mama yamewekwa kando. Maji ni yaleyale, kwa hiyo ya shangazi nayo yamewekwa kando. Kimebaki kitu kimoja cha kupima, na yale ya ghalani yakiiva sawa na ya jokofu, au mapema zaidi, mimi nimeshindwa na hakuna pa kujifichia.

Nafikiri waliotupa neno "nadharia tete" walilichagua vizuri. Tunasema hali ya usalama ni tete, yaani inaweza kuvunjika wakati wowote. Nadharia tete ni dai lililowekwa mahali linapoweza kuvunjika, na anayeliweka ameshasema mapema litavunjwa na nini. Neno la Kigiriki walilolichukua Waingereza, hypothesis, lina picha nyingine: ni kitu kilichowekwa chini, kama msingi unaojenga juu yake ili uone kama utahimili. Picha zote mbili nazipenda, ila hiyo yetu inanisaidia zaidi ninapoandika.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Kuna kifaa cha kupimia uivaji kinaitwa Mattson. Ni fremu ya chuma yenye matundu 25. Kila tundu unaweka punje moja ya harage, na juu ya kila punje kinasimama kijiti cha chuma chenye ncha. Unazamisha fremu kwenye maji yanayochemka, unakaa na saa yako. Punje ikilainika, kijiti chake kinatoboa na kushuka. Kijiti cha 20 kikishuka, yaani punje nane katika kila kumi zimelainika, unaandika muda. Nilikaa pale mvuke ukinipiga usoni, na vijiti vya maharage ya jokofu vikaanza kushuka kimoja kimoja, tak, tak. Upande wa ghala kimya. Nilirudia siku nyingine, nikarudia tena, ikawa hivyohivyo.

Lakini nilikuwa na nadharia tete ya pili, na hiyo ndiyo iliyonifunza zaidi. Niliandika kwamba kuloweka usiku kucha kutaifuta tofauti kati ya makundi mawili. Niliamini kabisa. Kulowekwa kulipunguza muda kwa makundi yote mawili, ila pengo lilibaki: maharage ya ghalani yalinyonya maji, yakavimba vizuri, yakakataa kulainika. Kumbe tatizo haliko kwenye maji kuingia. Liko kwenye gundi inayoshikilia seli za harage, ambayo baada ya kukaa kwenye joto haiyeyuki kirahisi, na ndiyo maana magadi husaidia pale ambapo maji matupu yanashindwa. Nilitaka kuifuta ile nadharia tete ya pili kwenye ripoti kwa aibu. Msimamizi akanikataza. Alisema ile iliyovunjika ndiyo imeniambia kitu nilichokuwa sikijui. Mdogo wangu, usije ukabadilisha nadharia tete baada ya kuona matokeo ili ionekane ulijua tangu mwanzo. Hiyo ni kudanganya, hata kama hakuna atakayekukamata.

Sasa hiyo H-sifuri inayokuchanganya. Ni kifupi cha nadharia tete sifuri, yaani ile inayosema hakuna tofauti, hakuna uhusiano. Takwimu hazithibitishi dai lako moja kwa moja. Zinauliza: kama kweli hakuna tofauti, matokeo kama haya yangeweza kujitokeza kwa bahati kirahisi kiasi gani? Ikiwa ni kwa nadra sana, unaikataa H-sifuri. Ikiwa si nadra, unaandika kwamba umeshindwa kuikataa. Hapa wengi wanateleza wanaandika "imethibitika hakuna tofauti". Hapana. Kutoona nyoka kwa tochi dhaifu si ushahidi kwamba nyoka hayupo. Pengine sampuli yako ilikuwa ndogo mno.

Kuna aliyeuliza kuhusu Erasto Mpemba, yule Mtanzania wa maji ya moto yanayoganda kwanza, nami nashukuru, kwa sababu ni mfano wetu wenyewe na unaonesha jambo ambalo watu hulichanganya. Mwaka 1963 Mpemba, mwanafunzi wa Magamba Sekondari, aliweka maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Walimu walimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wanafunzi wenzake walimcheka, lakini Osborne alirudi Dar akalijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Sasa angalia: "maziwa ya moto yameganda kwanza" si nadharia tete, ni kitu alichokiona kwa macho. Nadharia tete zinaanza unapouliza kwa nini. Moja inasema maji ya moto hupotea kwa mvuke, hivyo kinachobaki kugandishwa ni kidogo. Nyingine inasema kuchemsha hufukuza hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Kila moja unaweza kuivunja: funika chombo mvuke usitoke, uone. Na mpaka leo jambo halijaisha. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden walipima kwa uangalifu na hawakupata ushahidi kwamba maji ya moto yanatangulia kupoa hadi nyuzi sifuri. Ninamheshimu Mpemba kwa sababu aliuliza swali linalopimika na hakulitupa alipochekwa.

Kuhusu maneno: utakuta wengine wanaandika haipothesia, ni kitu kilekile, chagua moja ushikamane nayo kazi nzima. Usiandike "dhana" kwa maana hii, dhana ni wazo tu, haidai chochote. Na usiite nadharia tete "nadharia". Nadharia ya vijidudu vinavyoleta magonjwa imebebwa na ushahidi wa zaidi ya miaka mia moja. Mtu akisema "hiyo ni nadharia tu" ujue amechanganya hizo mbili.

Jambo jingine ambalo vyuo vyetu vingi havilisemi kwa sauti: si kila utafiti unahitaji nadharia tete. Ukienda Pemba kukusanya misemo ya wavuvi, maswali ya utafiti yanatosha. Kulazimisha nadharia tete pale ni kujaza fomu.

Wewe lakini unalinganisha, kwa hiyo unaihitaji. Ningekuwa wewe ningeandika hivi: "Wanafunzi wa kidato cha pili wanaolala na simu chumbani wana wastani mdogo wa alama za hisabati kuliko wasiolala nazo, katika shule hiyohiyo." H-sifuri yako: wastani wa makundi hayo mawili hautofautiani. Umeona sikuandika kwamba simu "inashusha" alama? Huenda wanaolala na simu wanatoka kwenye nyumba zisizo na mtu wa kuwasimamia jioni, na hilo ndilo linaloshusha. Kwa dodoso peke yake huwezi kutenganisha hayo mawili, labda uulize pia ni nani yuko nyumbani usiku, uwalinganishe wanaofanana.

Iandike upya kwa maneno yako, na chini yake ongeza mstari mmoja wa matokeo yatakayokufanya uiache. Ukimaliza ilete hapa tuisome kabla hujampelekea msimamizi.