Maswali na Majibu: Nyuzi Ndani ya Sheli

Kwa nini Bash haiongezewi nyuzi (mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu moja) ilhali lugha nyingine zinazo? (Msomaji, Sinza)

Muundo wake ndio unaokataa. Sheli, yaani programu kama Bash inayopokea amri zako na kuziendesha, huishi kwa fork, yaani mchakato (programu inayoendeshwa) kujinakili. Na mchakato wenye nyuzi nyingi ukijinakili, nakala hupata uzi mmoja tu, ule ulioita fork, huku kufuli (zinazozuia nyuzi mbili kugusa data moja kwa pamoja) zilizokuwa zimeshikwa na nyuzi nyingine zikibaki zimefungwa bila wa kuzifungua. Aidha, folda ya kazi kwa kawaida ni moja kwa mchakato mzima: uzi mmoja ukitekeleza cd, wenzake wote wamehamishwa bila kuulizwa, na rm iliyokuwa ikingoja zamu yake inafuta pasipokusudiwa. Kabla ya kudai nyuzi, ifikirie hiyo rm.

Nimeweka & mwishoni mwa kila amri ya kubana faili, lakini chelezo (nakala za akiba) ninazopakia zimekatika. (Msomaji, Mbagala)

Alama hiyo huanzisha amri bila kuingoja imalizike, kwa hiyo unapakia faili ambazo hazijakamilika; andika wait, yaani ngoja, kabla ya kupakia. Swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi cha kuchosha, kwa hiyo leo naongeza usiloliuliza: wait tupu hurudisha sifuri, yaani mafanikio, hata kama kazi zote zimeshindwa. Hifadhi $! (namba ya mchakato) ya kila kazi, kisha isubiri kila moja kwa namba yake, la sivyo utakuja kugundua kwamba chelezo ni mbovu siku unapozihitaji.

PowerShell, sheli ya Microsoft, imeweza nyuzi, sisi wa Bash je? (Msomaji, Kigamboni)

Ndiyo, imeweza: tangu toleo la 7 ForEach-Object, amri inayorudia kazi kwa kila kitu unachoipa, ina -Parallel ya kuzifanya sambamba, yenye kikomo cha kazi 5 usipokibadilisha, lakini hata huko kigeu (jina linalohifadhi thamani) cha nje hakionekani ndani mpaka ukitaje kwa $using:.

Kihesabio changu ndani ya kitanzi cha while hurudi sifuri. Nyuzi zingenisaidia? (Msomaji, Tabata)

Hapana. Umeipa while data kwa alama ya |, na Bash kwa kawaida huendesha kila upande wa alama hiyo katika sheli ndogo, ambayo hufa na vigeu vyake. Ili data itoke kwenye faili bila alama hiyo, malizia kitanzi kwa done < orodha.txt.

Kwenye xargs -P, inayoendesha kazi kadhaa kwa wakati mmoja, niweke ngapi? (Msomaji, Ubungo)

Kwa kazi inayokula prosesa, anza na namba inayotolewa na nproc, amri inayohesabu prosesa zilizopo. Kwa kazi inayongoja diski moja kuukuu, mbili zinaweza kutosha, kwani kuongeza kazi hakuiongezei diski kasi. Ila usiweke 0, ambayo maana yake ni kazi nyingi kadiri inavyowezekana: niliwahi kuiweka kwenye kazi ya kupunguza picha, kumbukumbu ikajaa, na seva ikaacha kunijibu hata nilipotaka kuingia kuizima.