Watoto walipona, mbona mama zao waliendelea kufa?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi nasomea ukunga, sasa tumepewa tusome ripoti za afya za miji midogo ya Uingereza, zile za kati ya vita kuu mbili za dunia. Kila mwaka daktari wa mji anajisifu, vifo vya watoto wachanga vimeshuka, kliniki inajaa, maziwa yametolewa. Ukija kwa mama wenyewe wanaojifungua vifo viko palepale! Sasa hiyo kliniki ilikuwa inamsaidia nani? Na kahalmashauri kadogo vile kalitoa wapi hela?

JIBU: Marahaba mwanangu, tuanze na hela maana hiyo ni fupi. Sheria ya uzazi na ustawi wa watoto ya 1918 iliruhusu halmashauri kufungua hizo huduma na serikali kuu ilikuwa inarudisha nusu ya gharama, mpaka sheria ya 1929 ilipobadilisha utaratibu ikawa ruzuku ya jumla. Kamati ya halmashauri ya kusimamia huduma hizo ilibidi iwe na wanawake wasiopungua wawili (wawili tu jamani, kwenye mambo ya kuzaa). Miji mingine haikuwa na huduma yake, ilihudumiwa na kaunti.

Sasa njoo kwenye kliniki yenyewe. Mtoto akizaliwa, taarifa lazima imfikie daktari wa mji ndani ya saa 36, na tangu 1915 hiyo ilikuwa lazima nchi nzima, halafu mkunga akishamaliza siku zake anakuja nesi wa kutembelea majumbani, anaangalia mtoto ananyonyaje, analala wapi, nyumba ikoje. Baadaye mama anampeleka mtoto kliniki, mara nyingi ni ukumbi wa kanisa tu, anapimwa uzito, mama anashauriwa, ananunua maziwa ya unga kwa bei nafuu, basi. Mtoto akiwa mgonjwa anaambiwa nenda kwa daktari wako, maana madaktari binafsi hawakutaka kabisa kliniki iwanyang'anye wateja.

Umeona hapo? Karibu kila kitu ni cha mtoto. Na kweli watoto walipona, mwaka 1900 England na Wales walikuwa wanakufa kama 154 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai, kufika 1938 ni kama 53. Ila usimpe nesi na mizani sifa zote, familia zilikuwa zinapungua ukubwa, maziwa yalikuwa safi zaidi, na kuhara kwa kiangazi kulikoua sana watoto kulikuwa kunapungua.

Mzazi kesi yake ilikuwa nyingine. Miaka ya 1920 mpaka katikati ya miaka ya 1930 walikuwa wanakufa kama 4 au zaidi kwa kila uzazi 1,000, na muuaji mkubwa alikuwa homa ya uzazi, yaani vijidudu vya streptokoka vinavyoingia kwenye kizazi vikitoka kwenye mikono au koo la mhudumu mwenyewe. Hapo mizani inafanya nini? Hata kliniki za wajawazito, ambazo zilikuwa zinaongezeka, zinapima mkojo na presha, sawa, lakini haziwezi kuona maambukizi ya siku ya kujifungua. Na usidhani ni umaskini tu, wake za wenye nazo walikufa sawa na wa mafundi au hata zaidi, maana wao walizalishwa na madaktari waliokimbilia koleo la kumvuta mtoto wakati mkunga angesubiri. Hii mimi ndio huwa inanichoma.

Kilichogeuza mambo ni dawa. Prontosil, dawa ya kupambana na hivyo vijidudu, ilitangazwa Ujerumani 1935, na mwaka uliofuata daktari Leonard Colebrook wa hospitali ya Queen Charlotte's, London, akatoa matokeo yake kwa wazazi wenye hiyo homa, vifo vikashuka sana. Mwaka huohuo wa 1936 ikapita sheria ya kuweka wakunga wa kulipwa mshahara, sio wa kugombania wateja.

Kwa hiyo ukirudi kwenye ripoti zako usiishie ukurasa wa kliniki, tafuta sehemu ya homa yoyote baada ya kujifungua (puerperal pyrexia), ilianza kuripotiwa kwa lazima 1926, halafu linganisha za 1934 na za 1938. Mji mdogo mama wanaokufa kwa mwaka ni wachache sana, mmoja akiongezeka kiwango kinaruka, kwa hiyo jumlisha miaka mitano mitano kabla hujasema mji fulani ulikuwa mbaya.